Askofu Muge: Aliambiwa asikanyage Busia, akaenda

Ukishuka kwenye matatu pale Busia leo, hakuna anayekuuliza umetoka wapi wala uko upande wa nani. Utavamiwa na vijana wa bodaboda, kila mmoja akikuvuta upande wake. Mwingine atataka kukubadilishia pesa uvuke na shilingi za Uganda. Ukipanda juu hadi Malaba utayakuta malori yamejipanga kandokando ya barabara, madereva wakinywa chai ya rangi huku wakingoja karatasi zao zipigwe muhuri. Hii ni miji ya wapita njia. Hata jina bodaboda linasemekana lilianzia hapa, kwa wale waendesha baiskeli waliokuwa wakibeba watu na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi mwingine.

Sasa hebu fikiria, kijana mwenzangu, uambiwe kwamba wewe Busia usiikanyage. Aliyekuambia si polisi wa mpakani anayetaka kitambulisho. Ni waziri wa serikali, anazungumza hadharani, na anaongeza kwamba ukithubutu huenda usitoke ukiwa hai.

Ungeenda?

Agosti 1990, mtu mmoja aliambiwa hivyo na akaenda. Jina lake ni Alexander Kipsang arap Muge, askofu wa Kanisa la Anglikana, Dayosisi ya Eldoret. Wazazi wako wanamkumbuka. Wewe labda umelisikia jina tu. Stori yake inafaa uijue vizuri, maana ndani yake utaona jinsi Kenya ilivyokuwa ikitawaliwa, na kwa nini haki unazoziona za kawaida leo zilinunuliwa kwa bei kubwa.

KUTOKA GSU HADI MADHABAHUNI

Muge alikuwa Mnandi, mtoto wa Bonde la Ufa. Kabla ya kuvaa kanzu ya uaskofu alivaa sare. Akiwa kijana alikuwa askari wa GSU, kile kikosi cha polisi ambacho wananchi walikijua kwa marungu na malori yake. Yaani alifundishwa kutii amri na kusimama wima kabla hajafundishwa kuhubiri.

Baadaye aliacha bunduki akaingia masomo ya dini. Alisoma hadi London, akarudi nyumbani, na mwaka 1983 akawa askofu wa Eldoret. Alikuwa bado kijana kwa cheo kile. Dayosisi yake ilikuwa kubwa, ikienda hadi Pokot kwenye ukame na umaskini.

Shika jambo hili moja: Muge hakutoka jamii iliyosemekana kuwa na kinyongo na serikali. Rais Daniel arap Moi alikuwa Mkalenjin. Muge pia alikuwa Mkalenjin. Kwa hesabu za siasa za wakati ule, askofu kama yeye alitarajiwa kubariki mikutano, kuombea viongozi, kula chakula cha mchana na wakubwa na kwenda zake nyumbani. Angalifanya hivyo, angaliishi maisha matamu sana.

Hakufanya hivyo. Na kwa sababu alikuwa wa nyumbani, maneno yake yaliuma mara mbili. Mkosoaji kutoka jamii nyingine ungemwita mkabila ukamalizana naye. Huyu ungemwitaje?

NCHI YA SAUTI MOJA

Ili uelewe alichokuwa akipambana nacho, turudi nyuma kidogo.

Tangu 1969 Kenya ilikuwa na chama kimoja tu kilichokuwa hai, KANU. Lakini kisheria ungeweza kuanzisha kingine. Juni 1982 mlango huo ukafungwa. Bunge lilipitisha kifungu cha 2A cha katiba, na kuanzia hapo KANU ikawa chama pekee halali. Agosti mwaka huo huo kukatokea jaribio la mapinduzi la wanajeshi wa anga. Lilizimwa, lakini liliacha hofu Ikulu, na hofu ya mtu mwenye mamlaka yote ni kitu kibaya sana.

Kwenye karatasi Kenya ilikuwa jamhuri kama jamhuri nyingine. Kulikuwa na rais, bunge, mahakama na uchaguzi kila baada ya miaka mitano. Ukitazama kutoka mbali ungesema mambo yako sawa. Lakini tazama jinsi mashine ilivyofanya kazi kwa ndani.

Rais hakuwa na mpinzani. Mwaka 1979, 1983 na 1988 Moi alipita bila kupingwa. Mbunge alihitaji kuwa mwanachama wa KANU ili agombee, kwa hiyo ukifukuzwa chamani umefukuzwa siasani. Waziri aliteuliwa na rais, na angeweza kuachishwa kazi kwa taarifa ya redio ya saa saba mchana, akiwa ameketi mezani anakula. Ndiyo maana wakubwa wengi waliisikiliza habari ile ya mchana kwa roho mkononi.

Mwaka 1986 katiba ilibadilishwa, Mwanasheria Mkuu na mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali wakapoteza ulinzi wa kazi zao. Mwaka 1988 ikabadilishwa tena, majaji nao wakapoteza wao. Elewa maana yake: anayekagua pesa za serikali, anayeshtaki kwa niaba ya serikali na anayeamua kesi dhidi ya serikali, wote sasa walijua kwamba kazi yao iko mfukoni mwa mtu mmoja.

Chini kabisa kulikuwa na utawala wa mikoa. Busia haikuwa kaunti. Haikuwa na gavana wala bunge lake. Ilikuwa wilaya katika Mkoa wa Magharibi, na Malaba ilikuwa ndani ya wilaya hiyo hiyo. Mkuu wa wilaya, yaani DC, hakuchaguliwa na mtu wa Busia. Aliletwa. Juu yake palikuwa na PC kule Kakamega, na juu ya PC ni Ikulu. Chini yake walikuwa DO, chifu na naibu wa chifu hadi kijijini kwako. Ukitaka kufanya mkutano ulihitaji leseni. Na sokoni au steji ya magari ungeweza kukutana na vijana wa chama, wale yuthwinga, wakikuuliza kadi ya KANU kabla hujapanda gari.

Waliopinga waliwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Wengine walipitia vyumba vya chini vya Nyayo House jijini Nairobi, walikoteswa. Haya si uvumi tena. Waathiriwa walikwenda mahakamani miaka ya baadaye na wakashinda kesi.

Kwa watu wa mpakani kulikuwa na mzigo wa ziada. Desemba 1987 majeshi ya Kenya na Uganda yalirushiana risasi hapo hapo Busia, watu wakafa na mpaka ukafungwa. Serikali ya Nairobi iliamini wapinzani wake wanapata msaada kutoka ng'ambo. Kwa hiyo Busia ikawa mahali pa kuchungwa. Mgeni aliangaliwa mara mbili.

MLOLONGO

Kati ya vituko vyote vya enzi hizo, mlolongo ndio uliomkera Muge na maaskofu wenzake waziwazi.

Mlolongo ulikuwa hivi. Badala ya kupiga kura ya siri kwenye mchujo wa chama, wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wagombea wao au mawakala wao, kisha ofisa akahesabu vichwa. Chifu anakuona. Mwajiri wako anakuona. Mwenye duka anayekukopesha unga anakuona. Na sheria ya chama ilisema kwamba aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya foleni amepita moja kwa moja, hakuna haja ya kura ya siri.

Makanisa yalianza kupinga tangu 1986, mpango ulipotangazwa. Viongozi wa dini walisema hawawezi kusimama hadharani nyuma ya mgombea mmoja kisha Jumapili wawahudumie waumini waliosimama kwenye foleni nyingine. Muge alikuwa miongoni mwa waliosema kwa sauti kubwa kabisa.

Uchaguzi wa 1988 ulipofika, wasiwasi wao ukatimia. Kuna mahali foleni fupi ilitangazwa mshindi mbele ya foleni ndefu, mchana kweupe, watu wote wakiangalia. Kura ikiibwa ndani ya sanduku, hukuona. Foleni ikiibwa unajiona mwenyewe ukiibwa, na bado unaambiwa unyamaze. Jarida la Beyond la Baraza la Makanisa lilipoandika habari za wizi huo, serikali ililipiga marufuku na mhariri wake akafungwa.

Kwa nini kanisa ndilo lililosema? Jibu ni rahisi. Vyama vingine vilikuwa haramu. Vyuo vikuu vilifungwa mara kwa mara. Wanasheria waliokuwa na ujasiri walikuwa wachache na wengine walikuwa ndani. Mkutano wa watu wengi ambao haukuhitaji leseni ya DC ulikuwa mmoja tu: ibada ya Jumapili. Mimbari ikageuka kuwa kiti cha upinzani bungeni.

Ndiyo sababu utasikia majina haya yakitajwa pamoja: Henry Okullu wa Maseno Kusini, David Gitari wa Mlima Kenya Mashariki, Ndingi Mwana a'Nzeki wa Kanisa Katoliki, Timothy Njoya wa Presbyterian. Na Muge.

Yeye alikuwa na mtindo wake. Hakuzunguka mbuyu. Alisema kuna watu wanaokufa njaa Pokot Magharibi wakati wakubwa wa huko wakidai kila kitu kiko shwari. Alizungumzia unyakuzi wa ardhi na wakubwa waliojigawia mali ya umma. Wanasiasa walimshambulia kwenye mikutano, wakataka anyamazishwe. Jumapili iliyofuata alipanda tena mimbarini.

Tusimfanye malaika, hata hivyo. Muge aligombana pia na wenzake wa kanisa, na kuna wakati alilishambulia Baraza la Makanisa lenyewe hadharani. Alikuwa mtu wa kusema anachoamini, na si kila mara wapenzi wake walifurahi. Labda huo ndio uzito wake. Hakuwa msemaji wa kundi lolote.

MWAKA MBAYA

Mwaka 1990 ulianza vibaya kwa serikali. Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka miezi michache kabla, na tawala za chama kimoja za Ulaya Mashariki zilikuwa zikidondoka kama maembe yaliyoiva. Siku ya Mwaka Mpya Njoya alihubiri akiwauliza watawala wa Afrika kama wanayaona yanayotokea kule. Wanasiasa wakawaka.

Februari, Waziri wa Mambo ya Nje Robert Ouko akatoweka nyumbani kwake Koru. Mwili wake ukapatikana umechomwa moto. Nchi ilitetemeka. Kama waziri mkubwa hivyo anaweza kuuawa, nani yuko salama?

Mei, Kenneth Matiba na Charles Rubia wakataka vyama vingi hadharani. Julai wakakamatwa na kuwekwa kizuizini. Tarehe 7 Julai, siku ya Saba Saba, watu walijitokeza Kamukunji na mitaa mingine wakakutana na polisi. Watu wasiopungua 20 waliuawa katika ghasia za siku hizo.

Katika hali hiyo ndipo Peter Habenga Okondo alipopanda jukwaani.

Okondo alikuwa Waziri wa Leba na mbunge wa Bunyala, kule Budalang'i kwenye mafuriko ya mto Nzoia, ndani ya Wilaya ya Busia. Hakuwa mtu mdogo. Alikuwa msomi wa mambo ya uhasibu na fedha, mwanasiasa tangu wakati wa uhuru. Siku chache kabla ya katikati ya Agosti aliwaonya Muge na Okullu kwamba wakikanyaga Busia watakiona cha moto na huenda wasitoke wakiwa hai.

Hapa simama kidogo, msomaji wangu, ujiulize swali muhimu. Kwa nini mtu msomi, waziri, aseme maneno kama hayo mbele ya watu?

Usikimbilie kusema alikuwa mtu mbaya. Tazama mashine. Kiti chake hakikutegemea kura ya mvuvi wa Port Victoria kuliko kilivyotegemea kalamu ya rais. Katika utawala wa namna hiyo, mawaziri hawashindani kwa barabara walizojenga. Wanashindana kwa uaminifu, na uaminifu unapimwa kwa ukali wa maneno dhidi ya maadui wa mkubwa. Leo huyu anasema wapinzani wakatwe vidole, kesho yule lazima aseme kitu kikali zaidi ili Nairobi imsikie. Maneno yanapanda bei kila wiki. Na hakuna wa kuyazuia: jaji anaogopa, mwendesha mashtaka anaogopa, gazeti linaogopa. Chini yao wako vijana wa chama wanaosikiliza, na wengine hawajui kutofautisha siasa na amri.

Pia kuna hili. Waziri yule alizungumza kama mtu anayefunga geti la boma lake. Busia, mji wa wapita njia, mji ambao mgeni kutoka Kampala au Kisangani alipita bila shida, ulikuwa umegeuzwa shamba la mtu ambalo Mkenya mwenzake hawezi kuingia bila ruhusa.

SIKU YA BUSIA

Muge alijibu. Alisema ataenda. Na alimwambia waziri, kwa maana ya maneno yake, kwamba akiuawa damu yake isiyo na hatia itamwandama na hatapata amani.

Jumanne, tarehe 14 Agosti 1990, akaenda.

Watu wa Busia walijitokeza kwa wingi kumlaki. Hakuna aliyemgusa. Alihubiri, akaomba, akasalimia watu. Kwa saa chache kitisho cha waziri kilionekana kama upepo tu. Ukitaka kujua kama mwananchi wa kawaida wa Busia alikubaliana na kauli ya waziri wake, umati ule ulikuwa jibu. Ulikuwa mlolongo wa aina nyingine, ambao hakuna ofisa aliyeweza kuuhesabu vibaya.

Kisha akaanza safari ya kurudi Eldoret.

Barabara kuu inayotoka Malaba kwenda Eldoret unaijua. Ndiyo hiyo inayobeba malori ya Uganda, Rwanda na Kongo, ikipita Bungoma na Webuye kabla ya kupanda kuelekea Turbo. Kwenye barabara hiyo, eneo la Kipkaren, gari la askofu liligongana na lori la maziwa. Muge akafa papo hapo. Alikuwa katika miaka ya arobaini tu.

Hakufika nyumbani. Kitisho kilisema huenda asitoke Busia akiwa hai. Alitoka, lakini safari haikuisha.

Dereva wa lori alishtakiwa kwa kuendesha vibaya na kusababisha kifo, akahukumiwa miaka 7 jela. Alifia gerezani kabla ya kumaliza kifungo. Okondo alijiuzulu uwaziri siku chache baada ya ajali kwa sababu ya kilio cha wananchi. Hakuna mahakama iliyompata na hatia yoyote kuhusu kifo kile. Naye amekwisha kufariki.

Mwaka 2012, miaka 22 baadaye, afisa mstaafu wa Special Branch aliiambia Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano kwamba kifo cha askofu kilipangwa, na kwamba mpango wenyewe ulipewa jina la Shika Msumari. Madai hayo hayakuwahi kuthibitishwa mahakamani.

NG'AMBO YA MPAKA

Kwa watu wa Busia na Malaba habari ile ilikuwa na mwangwi. Miaka 13 kabla, ng'ambo ya pili ya mpaka, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda aliuawa. Ilikuwa Februari 1977, enzi za Idi Amin. Luwum na maaskofu wenzake walikuwa wameandika barua kulalamikia mauaji na uonevu. Alikamatwa. Siku iliyofuata serikali ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili. Walioiona maiti walisema ina matundu ya risasi.

Miaka ile Waganda wengi walikimbilia Kenya kupitia mipaka hii hii, wakasimulia waliyoyaona. Kwa hiyo mzee wa Busia aliposikia redioni mwaka 1990 kwamba askofu mwingine amekufa kwa ajali ya gari, usishangae kama alizima redio na kutikisa kichwa.

Nisieleweke vibaya. Kesi hizi mbili si sawa. Amin alikuwa dikteta wa kijeshi aliyeua watu wengi mno. Kenya ilikuwa na mahakama, na mahakama ile ilimpata dereva na hatia. Ajali hutokea, na barabara ile imewala watu wengi wasiokuwa na adui yeyote.

Lakini hapo ndipo penye somo, kijana. Katika nchi ambayo jaji yuko huru, polisi anachunguza bila kuulizwa na gazeti linaandika bila kutetemeka, ajali inaweza kuchunguzwa ikaonekana kuwa ajali, na watu wakaamini. Katika nchi ambayo waziri anatisha hadharani na hakuna anayemwita kituoni kuandikisha taarifa, hata ajali ya kweli haiaminiki. Serikali inapovunja mizani yote ili isihukumiwe, inavunja pia mizani ambayo ingeweza kuisafisha. Kama mkono wa serikali haukuwepo Kipkaren siku ile, haikubaki njia ya kuwashawishi Wakenya. Walikuwa wameshatoa hukumu yao mioyoni.

BAADA YAKE

Kifo cha Muge hakikunyamazisha mimbari. Kiliwatia hasira hata wale waliokuwa wakiogopa. Miezi ile kamati ya KANU ikiongozwa na Makamu wa Rais George Saitoti ilikuwa ikizunguka nchini kusikiliza malalamiko ya wananchi, na ilisikia mengi kuliko ilivyotarajia. Desemba 1990 wajumbe wa KANU walikutana Kasarani na mlolongo ukatupwa. Majaji wakarudishiwa ulinzi wa kazi zao. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa. Tarehe 29 Desemba 1992 Wakenya wakapiga kura kwenye uchaguzi wa vyama vingi.

Okullu, yule askofu wa pili aliyetishwa, aliishi kuyaona hayo yote. Alifariki 1999.

Ilichukua muda zaidi kubadilisha mashine yenyewe. Katiba ya Agosti 2010 ndiyo iliyokata mamlaka ya rais, ikalinda majaji na kuleta kaunti. Leo Busia ina gavana anayechaguliwa na watu wa Busia, kutoka Bunyala hadi Teso, na bunge la kaunti linaloweza kumhoji.

Fungua kipengele cha 39 cha katiba hiyo. Utakuta kinasema kila mtu ana uhuru wa kwenda anakotaka, na kila raia ana haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote nchini. Wengi hukisoma haraka wakitafuta vipengele vya kusisimua. Wewe kisome polepole. Kisome ukikumbuka mtu aliyeambiwa asikanyage Busia.

KWA NINI HII NI STORI YAKO

Unaweza kusema haya ni mambo ya wazee. Wewe ulizaliwa vyama vingi vipo, una simu, unaandika unachotaka mtandaoni usiku wa manane.

Sawa. Lakini wakati wa kampeni sikiliza vizuri. Utamsikia mwanasiasa akisema eneo fulani ni ngome yake na mpinzani asithubutu kuleta mguu. Utaona vijana wamepewa pesa kidogo ili warushe mawe kwenye msafara. Kauli hiyo ni ndugu wa damu wa ile ya 1990. Inatoka kwenye mawazo yale yale, kwamba wananchi ni ng'ombe wa mtu na kaunti ni zizi lake. Ukikubali kurusha lile jiwe, umekubali kuwa yuthwinga bila hata kupewa kadi.

Na vijana wenzako walipoingia barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, wengine hawakurudi nyumbani. Kwa hiyo usidhani katiba inajilinda yenyewe. Ni karatasi mpaka mtu aisimamie.

Muge hakuwa na jeshi. Aliliacha jeshi la polisi akiwa kijana. Hakuwa na chama wala kiti bungeni. Alikuwa na mimbari, sauti na barabara iliyokuwa wazi kwa kila mtu, na alikataa kuambiwa kwamba barabara ile si yake.

Siku nyingine ukiwa kwenye basi kutoka Malaba kwenda Eldoret, weka simu chini mkifika Kipkaren. Tazama dirishani. Malori yatakuwa yanapita, mama wanauza ndizi na mahindi kando ya barabara, wanafunzi wanavuka. Utapita hapo bila kuulizwa kadi ya chama chochote.

Askofu alipita hapo mara ya mwisho akitoka Busia, alikoambiwa asiende.